Bata wa Jirani Hawakufa

Watu wa mtaani kwetu wakihadithia yaliyowapata kuku wa mama, huanza na ndege wa bondeni. Wanasema ni wale yangeyange, ni wale bata mwitu wanaokuja na mvua, ni kunguru. Mimi huwasikiliza mpaka mwisho, kisha nawauliza: ni ndege gani huyo aliyepiga hodi mlangoni kwetu akiwa na beseni kichwani? Hapo wananiona nina mdomo. Ni kweli ninao. Kuku wa mama wameisha, na mdomo ndio niliobaki nao.

Nyumba yetu iko Mbagala, upande unaoteremkia bondeni. Nilirudi hapo baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikaweka cherehani barazani, nikawa nashona sare za shule. Mama alinipokea bila kuniuliza swali hata moja. Aliniomba kitu kimoja tu, nimsaidie kutunza kuku wake, kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua na kuinama kulikuwa kazi.

Kuku wenyewe walikuwa kuchi, wale warefu wenye shingo ndefu na miguu ya manjano, wanaotembea taratibu kama wana miadi na mtu mkubwa. Mtetea wa kwanza mama alikuja naye kutoka Kilwa siku alipoolewa, ndani ya tenga, amepewa na mama yake. Bibi yangu huyo sikumwona. Mama hana picha yake, wala kanga yake, wala kijiko chake. Alikuwa na kuku. Kila kifaranga aliyetotolewa uani kwetu alitokana na mtetea yule, na mama aliweza kukaa mkekani akakuonyesha kwa kidole nani ni mjukuu wa nani. Jogoo asiye kuchi akiruka ukuta kuja kwetu, mama alimtoa kwa ufagio na kwa matusi ambayo sikudhani anayajua. Kwa hiyo nilipoambiwa nitunze kuku, nilielewa nimekabidhiwa nini.

Bondeni mvua ikinyesha panajaa madimbwi, na katikati ya madimbwi watu wanalima mchicha na matembele. Hapo hutua yangeyange, korongo, na bata mwitu ambao hakuna anayejua wametoka wapi wala wanaelekea wapi. Hapo pia ndipo walipokuwa wakishinda bata wa jirani yetu. Jirani huyu tunachangia naye ukuta. Ni mjane kama mama, ni rika lake, na mimi namwita mama mdogo. Baba alipofariki yeye ndiye aliyepika uani kwetu mpaka arobaini ikapita, na wakati wote wa eda hakukosa kuja kukaa na mama. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani namwonea. Kila asubuhi alifungua mlango, bata wakatoka kwa mstari wakiyumba, wakavuka njia, wakateremka kuogelea na wale wageni wa angani. Jioni walirudi, na kabla ya kuingia kwao walipita kwetu kunywa maji ya kuku wa mama. Mlango wetu wa uani haukuwa na komeo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba unalihitaji.

Siku moja tukaitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Afisa mifugo wa kata, kijana mpole mwenye sauti ndogo, alitueleza habari za mafua ya ndege. Alisema ndege wa porini wanaweza kuyabeba na kuyaacha kwenye kinyesi na kwenye maji, wakaruka nayo safari ndefu wala wasionekane wanaumwa, kisha kuku wa nyumbani akiyapata anakufa ghafla. Alisema dawa ya kumtibu kuku hakuna. Tufungie kuku wetu, tuwalishe ndani, tuwape maji ya bomba, tusichanganye kuku na bata, na mtu asiingie bandani na viatu alivyotembelea nje. Na tukiona ndege wamezubaa au wanakufa kwa mkumbo, tusichinje kwa kuwa damu inasambaza ugonjwa, tusile, tusitupe. Tumpigie simu.

Watu walicheka. Bwana mmoja aliyesimama mlangoni akauliza, "Sasa bwana mifugo, na kunguru wote hawa wa Dar utawafungia wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko, na kijana wa watu akacheka nao kwa aibu. Mimi nilitamani asicheke. Nilitamani apige meza, awaambie watu wazima wale wafunge midomo yao wasikilize. Jirani yetu alikuwa amekaa pembeni yangu, akinipiga piga gotini kwa kicheko.

Nilirudi nyumbani nikatoa vyandarua vyote chakavu tulivyokuwa navyo, nikaomba na vya shangazi, nikavishona pamoja kwa uzi wa sare, mshono mara mbili. Nikavitandaza juu ya ua kutoka ukuta mpaka ukuta, nikavifunga kwenye misumari. Nikatia komeo mlangoni. Nikanunua kandambili za kuingilia bandani peke yake, nikaweka na ndoo ya maji ya sabuni pembeni. Pumba nikaziingiza ndani ili kunguru wasivutwe nazo, na maji ya kunywa nikawa nayafunika. Kila jioni nilipanda juu ya kigoda kukagua kama kuna tundu. Mama alilalamika. "Ua wangu umeufanya kama kitanda cha mgonjwa," alisema. Lakini kandambili alivaa, na mikono alinawa.

Jirani aliudhika na lile komeo. Alikuja barazani nikiwa nashona, akasimama mkono kiunoni.

"Mwanangu, siku hizi mnatufungia mlango? Bata wangu wamekukosea nini?"

"Shikamoo, mama mdogo. Si bata, ni ugonjwa."

"Marahaba. Ugonjwa! Bata wangu hawa na bonde lile wamezoeana miaka nenda miaka rudi. Nyie watoto wa siku hizi mnasikilizaga redio sana."

Nilimwomba awafungie hata kwa msimu ule wa mvua tu, wale wageni wakishaondoka awaachie. Akaniambia bata kumfungia ni kumdhulumu. Baadaye nikasikia kwamba mtaani nasemwa nina maringo, kwamba nimerudi na talaka na bado najiona. Nikajisemea waseme. Komeo lilibaki pale pale.

Halafu nikaenda Rangi Tatu kununua zipu na vifungo. Nikapitia kwa fundi mmoja kumpelekea mkasi wake, tukaongea. Niliporudi nikakuta mlango wa uani uko wazi na manyoya yanatambaa kwenye sakafu ya korido. Sikumbuki kama nilisalimia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya ua, chini ya vyandarua vyangu, beseni la jirani liko mbele yake, ananyonyoa bata. Maji ya moto yalikuwa yamechuruzika mpaka bandani. Vifaranga walikuwa nje, wanagombania utumbo.

"Mama, huyu bata katoka wapi?"

"Kwa mwenzangu. Kachinja wengi leo, katuletea na sie."

"Wengi kwa nini? Ana shughuli gani?"

Mama hakuinua uso. "Walikuwa wanazubaa kidogo. Wanazungushazungusha shingo. Akaona awawahi."

Kwetu mnyama akifa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi. Kwa hiyo kuku akianza kusinzia watu hawafikirii ugonjwa, wanafikiria kisu. Wanamwahi. Akishachinjwa kwa jina la Mungu anakuwa nyama, na nyama hiyo inagawiwa majirani kwa moyo mweupe, na hakuna tena wa kuuliza alikuwa na nini. Nimekua ndani ya tabia hiyo na nimeila nyama hiyo utoto wangu wote. Dini haikumtuma mtu agawe maradhi nyumba kwa nyumba. Ni sisi tuliokifanya kisu kuwa dawa.

"Na wewe ukapokea," nilimwambia mama.

"Ulitaka nimwambieje? Mtu kaja na nyama mpaka mlangoni, nimwambie rudi nayo?"

"Ndiyo!"

"Wewe labda. Mie siwezi."

Nilimpigia mama kelele siku ile. Sina haja ya kupamba, nilimpigia kelele mpaka watu waliokuwa wanapita njiani wakasimama. Nilimwambia nimeziba anga zima kwa uzi na sindano na yeye ameufungua mlango kwa mkono wake. Yeye akanitazama kwa macho yaliyosema nimepata kichaa. Nikamnyang'anya yule bata. Nikamnawisha mama mikono mpaka viwiko, nikaloweka kanga zake kwenye maji ya moto, nikachimba shimo refu nyuma ya choo, nikafukia bata na manyoya na utumbo, nikamwagia chokaa. Beseni nililisugua kwa sabuni ya unga nikalipeleka kwa mwenyewe likiwa tupu. Kwetu chombo hakirudi tupu, utatia hata limau moja. Jirani alilipokea, akaangalia ndani, kisha akaniangalia mimi. Sikupepesa macho.

Nikakaa kusubiri, nikimwomba Mungu nionekane mjinga. Hakuniitikia. Baada ya siku chache vifaranga walikutwa wamelala chali. Kisha mitetea wakaacha kula, wakawa wanajikunyata pembeni wakihema kwa shida. Mwisho ugonjwa ukafika kwa jogoo mkubwa, ambaye mama alimwita mzee. Uso wake ulivimba, na ile nyama ya kichwani ikageuka rangi ya zambarau. Alikuwa anajaribu kusimama wima kama desturi yao, shingo inamgeukia mgongoni.

Mama alitoka chumbani akiwa na kisu cha kuchinjia.

"Mwite kijana wa pale dukani aje amchinje."

"Mama, hachinjwi. Afisa alisema damu ndiyo inayosambaza."

"Unataka mzee wangu afe kibudu? Nyumbani kwangu?"

Nilimshika kiwiko. Tukavutana, mimi na mama yangu mzazi, juu ya kisu, na magoti yake yale mabovu. Nilimshinda nguvu. Nilikifungia kisu kwenye droo ya cherehani. Mama akaketi chini karibu na jogoo, akamfunika kwa pembe ya kanga, akakaa naye mpaka akakata roho. Alilia kwa sauti. Hakulia kwamba kuku amekufa, maana kuku hufa. Alilia kwamba amemwacha aende bila kisu, bila jina la Mungu, wakati yeye alikuwepo na kisu kilikuwepo.

Majirani walikuja kutupa pole na kila mmoja akiwa na jibu lake. Ni kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kila mwaka, walisema. Mngewapa maji ya mwarobaini. Mngewapa pilipili na shubiri. Nilitaka kuwafukuza. Kuku wale walichanjwa kideri, niliwatia matone ya chanjo machoni mmoja mmoja kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mtu pale alikuwa ameniona nikifanya hivyo. Lakini kideri wanakijua, na mtu akishakuwa na jina analolijua hataki kusumbuliwa na lingine.

Nilimpigia simu afisa mifugo. Alikuja na pikipiki ya kukodi, amevaa glovu na barakoa alizonunua mwenyewe, kwa maelezo yake. Kata nzima ni yeye peke yake. Alichukua sampuli kwenye vichupa, akasema atazifikisha maabara. Kisha akageukia watu waliokusanyika mlangoni.

"Kuna nyumba nyingine iliyopoteza ndege siku hizi za karibuni?"

Jirani yetu alikuwa mbele kabisa, mtandio umefunika nusu ya uso, amekuja kutupa pole.

"Muulize mama mdogo habari ya bata wake," nilisema.

Mama alinifinya mkono. Afisa akamgeukia jirani. "Mama, wako walikufa?"

"Wangu?" alisema jirani, na mshangao wake ulikuwa wa kweli, hilo naapa. "Wangu hajafa hata mmoja. Niliwachinja."

Na watu wakaitikia kwa vichwa. Kweli, aliwachinja. Wengine walikuwa wamekula. Yule kijana akatazama zile nyuso, akaandika alichoambiwa. Mwanamke yule hakuwa anadanganya. Angekuwa anadanganya ningemsuta, ningemwumbua, tungegombana kisha yangeisha. Alikuwa anasema ukweli aliofundishwa tangu utotoni, ukweli ambao hata mama yangu alikuwa tayari kuutetea kwa kisu mkononi. Ningeanzia wapi?

Alikuwa amebaki mtetea mmoja. Huyu alikuwa anaatamia mayai kwenye stoo, ndani ya ndoo iliyokatwa, na kwa kuwa alikuwa ndani hakugusa ule utumbo. Alionekana mzima. Mama alikuwa ameshayainua mayai kwenye mwanga wa dirisha akaona karibu yote yana uhai. Nilimwuliza afisa juu yake nikiwa na tumaini ambalo sikulificha.

"Nani anamlisha?" aliuliza.

"Mimi."

"Na waliokufa nani alikuwa anawalisha?"

"Mimi pia."

"Amri siwezi kukupa kabla majibu hayajatoka," alisema. "Ila kama anao, ukisubiri aonyeshe, atakuwa ameshaambukiza wengine. Na mayai yake vile vile. Mie ningekuwa wewe nisingesubiri."

Kisha akapanda pikipiki akaondoka, akaniachia mimi. Amri hakuna, msaada hakuna, mtu wa kunishikia hakuna. Ukiripoti, kuku wako wanaishia mikononi mwako. Ukinyamaza na kuchinja, unaambiwa umewahi. Nilimwua mtetea yule nyuma ya choo, bila damu kama nilivyoelekezwa, nikamfukia pamoja na mayai yake. Mama alikuwa dirishani. Sikumwambia ageuke.

Majibu ya maabara sijayaona mpaka leo. Nilipiga simu, nikaambiwa bado. Nikapiga tena, nikaambiwa afisa amehamishwa, huyu mpya hana taarifa. Nilikwenda ofisini nikaoneshwa benchi la kusubiria, nikasubiri, nikarudi. Kwa hiyo sijui kama nilimwua kuku mgonjwa au kuku mzima. Nataka kujua. Si ombi kubwa. Mtu aliyekata kizazi kizima cha kuku wa mama yake kwa mikono yake ana haki ya kuambiwa kama ilikuwa lazima.

Mvua zikakatika. Mama akawa anakaa uani muda mrefu bila kazi, akitazama mahali pa banda. Ndipo mjomba, mdogo wake anayeishi Mkuranga, akapiga simu. Zamani, mimi sijazaliwa, mama aliwahi kumpa mitetea wawili na jogoo wa ukoo ule ule, na wamezaana huko mpaka leo, kuchi halisi. Akasema atamletea dada yake jogoo na mitetea, kwenye tenga, kama walivyokuja wa kwanza. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akaniagiza nikanunue pumba. Hasira zangu zote nilizokuwa nimezibeba zikalegea, nikaona labda Mungu ana namna yake.

Jirani alizipata habari kabla ya pumba kufika nyumbani. Alikuja Ijumaa mchana, ametoka kuoga, ananukia udi, akakaa mkekani na mama kama walivyozoea kukaa. Nyuma yake wakaingia bata wadogo wapya, miguu inadondosha tope la bondeni. Alikuwa amefurahi kwa ajili yetu, furaha kabisa.

"Wakija hao wa Mkuranga, mie nakuwekea oda ya mtetea mmoja," alisema.

Mama alikuwa anawatazama bata. "Hawa nao wanaendaga bondeni?"

"Sasa bata nitamfunga nimfanye nini, dada? Si maji ndiyo starehe yake."

"Na wakizubaa?"

"Nawawahi." Jirani alimshika mama goti, kwa mapenzi. "Unadhani nitakusahau? Fungu lako lipo pale pale."

Mama aliwatazama tena wale bata. Kisha akaninyooshea mkono, akataka simu, akataka nimpigie mjomba. Nilipiga nikampa.

"Usiwalete," alimwambia. "Eeh, nimesikia, umeshanunua tenga. Usiwalete. Waache huko huko wazeeke."

Mjomba alikuwa anauliza jambo, naisikia sauti yake ikipanda. Mama akamtakia usiku mwema ingawa ilikuwa mchana, akakata simu. Jirani alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Jamani dada! Yaani kuku umewakatia tamaa kabisa?"

Mama akanirudishia simu yangu huku akimtazama jirani. "Kuku sijawakatia tamaa," alisema.